Kifo Kwenye Banda la Uyoga

Mlango wa banda la uyoga ulikataa kufunguka kwa sababu mwenye banda alikuwa ameulalia.

Nasra, jirani na mshirika wake katika kilimo hicho, ndiye aliyeusukuma kwanza asubuhi ile. Alidhani mvua ya jana imeuvimbisha ubao. Akausukuma kwa bega, pengo likapatikana, akachungulia. Aliona mkono wa Bi Maimuna umenyooka sakafuni, na nyuma yake kitu kilichomshangaza kuliko mkono wenyewe: jiko la mkaa, katikati ya banda, limejaa majivu. Ukelele wake ulisikika hadi kwenye vibanda vya barabara kuu ya Bungu.

Inspekta Rukaiya Mbonde alifika kutoka Kibiti akiwa na Koplo Abbasi. Waliwasogeza watu, wakazungusha utepe, wakaingia.

Lilikuwa banda la udongo nyuma ya nyumba, limefunikwa nailoni ndani kuanzia paa hadi chini ili unyevu usitoke. Mifuko ya unga wa mbao uliochanganywa na pumba za mpunga ilining'inia kwenye kamba, safu baada ya safu. Safu za mbele zilitoa uyoga mweupe wa kula. Mwisho kabisa wa banda, kwenye giza, ulikuwapo ule mwekundu: mgumu kama gamba, unang'aa kama meza iliyopakwa vanishi. Huo hauliwi. Hukaushwa, hukatwakatwa, ukachemshwa kama chai, na watu waliufuata kutoka Ikwiriri hadi Mbagala kwa ajili ya presha, kikohozi na mwili kukosa nguvu.

Rukaiya alichuchumaa, akaugeuza uso wa marehemu taratibu kwenye mwanga wa tochi.

Akaujua.

"Afande, unamfahamu?" Abbasi aliuliza.

"Niliwahi kumwona," Rukaiya alisema, akasimama upesi. "Piga picha hilo jiko kabla halijaguswa."

Alimwona wiki ileile. Bi Maimuna alikuja kituoni, mwanamke wa makamo, mtandio wake umelowa mvua, akaketi kwenye benchi akisubiri hadi Inspekta amalize simu. Simu haikuisha. Rukaiya alimsikiliza kwa sikio moja. Alishika tu kwamba kulikuwa na msiba, wakwe, kikao cha ukoo na maneno makali, na kwamba mama huyu alikuwa anaomba askari mmoja awepo siku ya kikao. Akamjibu kama alivyowajibu wengi siku hiyo: "Mambo ya kifamilia hayo, mama. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji." Bi Maimuna alishukuru, akaondoka.

Sasa alikuwa amelala miguuni pake na nyuma ya kichwa chake kulikuwa na uvimbe wenye damu iliyoganda.

Rukaiya alitoka nje, akamkuta Nasra ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, kanga mdomoni.

"Pole, dada. Jiko hili huwa linakaa wapi?"

"Pale nje, kwenye kibanda cha pipa. Tunachemshia mifuko kabla ya kupanda mbegu, tuue uchafu wote."

"Huwa analiingiza ndani ya banda? Labda kupasha joto?"

Nasra alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama samaki huoshwa kwa sabuni. "Aingize jiko? Moshi ukiingia mle, uyoga wote unaharibika. Hata sigara alikuwa haruhusu uani. Mie mwenyewe alinifukuza siku moja kwa sababu ya udi."

"Kwa hiyo aliyeliingiza hajui kazi hii."

"Hajui, au hajali."

Watu waliosimama nje ya utepe hawakungoja kuulizwa. Jina moja lilipita mdomo kwa mdomo: Seleman wa Mbwara. Dada yake, Hadija, alikufa mwezi uliopita kwa uvimbe wa titi, baada ya kuacha hospitali na kunywa uyoga wa Bi Maimuna. Seleman alikuja hadi sokoni Bungu, akamwaga pakiti za uyoga mbele ya watu, akamwita Bi Maimuna muuaji. Alisema damu ya dada yake haitapotea hivihivi.

"Alisema hivyo kwa mdomo wake?" Abbasi aliuliza.

"Soko zima lilisikia, afande!"

Mchana uleule Seleman alikuwa kwenye chumba cha mahojiano Kibiti. Alikuwa mkulima mwenye mabega mapana na macho mekundu ya mtu asiyelala. Hakuonekana kuogopa. Alionekana kama amenyang'anywa kitu.

"Jana alasiri, wakati wa mvua, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani Mbwara. Tulikuwa na hitma ya dada. Muulize imamu. Muulize yeyote."

"Ulimtishia Bi Maimuna."

"Nilimtukana. Ningeweza kumtukana tena."

"Ulisema damu haitapotea."

"Nilitaka akiri! Alikubali kuja kwenye kikao Ijumaa, baada ya sala, aseme mbele ya ukoo. Mie namngojea aje aone aibu, nimuue ili nini? Sasa nani atasema?"

Rukaiya aliweka kalamu chini.

"Alikubali mwenyewe kuja?"

"Mwenyewe. Alituma ujumbe, akasema ana maneno yake."

Hapo ndipo neno la Bi Maimuna lilipomrudia Rukaiya. Lilimrudia zima, kama lilivyosemwa, na sauti yake, na simu ikiwa bado sikioni: *Kaka mtu ana haki ya kulia, afande. Ninayemhofia mie si yule anayepiga kelele.* Yeye alikuwa ameinua kidole kumwomba anyamaze kidogo, na mama yule akanyamaza. Hakumuuliza, basi ni nani.

Abbasi alimtazama.

"Seleman," Rukaiya alisema, "nani aliyekwambia kwamba Bi Maimuna alimkataza dada yako kwenda hospitali?"

"Shemeji. Kheri, mumewe."

"Wewe uliyasikia maneno hayo kwa Bi Maimuna?"

"Hapana."

"Dada yako je, alipata kukutana naye?"

Seleman alifikiri. "Dada alikuwa hatoki. Walikuwa wanakaa kule Nyamisati, bandarini. Kheri ndiye alikuwa anakwenda Bungu kuchukua dawa, anarudi na maagizo."

Imamu wa Mbwara na nusu ya kijiji walithibitisha kwamba Seleman hakutoka nyumbani siku ile. Wakamwachia.

Kwenye gari Rukaiya alimweleza Abbasi habari ya benchi na simu. Hakuipamba. Koplo alikuwa kijana mwenye adabu, aliangalia barabara, akasema, "Siku ile tulikuwa na ajali ya lori, afande."

"Najua tulikuwa na nini."

Wakafika hospitali ya wilaya.

Daktari Abubakary aliwapokea mlangoni mwa chumba cha maiti, glovu bado mkononi.

"Hili pigo la kisogoni halikumuua," alisema. "Lilimzimisha. Alianguka, au alisukumwa, akagonga kitu chenye ukingo mwembamba wa chuma."

"Ukingo wa pipa?"

"Yawezekana kabisa. Kilichomuua ni gesi ya mkaa. Angalieni ndani ya mdomo, angalieni kucha. Rangi hii nyekundu ya kung'aa, maiti ya kawaida haiwi nayo. Nimechukua damu ipelekwe maabara Dar es Salaam, lakini mimi sina shaka."

"Kwa hiyo jiko lilipoingizwa—"

"Alikuwa anapumua. Angetolewa nje kwenye hewa, angeweza kupona." Daktari alivuta shuka juu. "Na kitu kingine. Magoti yamechubuka, na kucha zimejaa udongo wa sakafu. Alizinduka, akatambaa. Nguvu zikamwishia mlangoni."

Rukaiya alitoka nje, akasimama kwenye baraza la hospitali. Mvua ilikuwa imeanza tena, ile mvua iliyokuwa ikinyesha na kukatika wiki nzima. Akina mama waliokuwa wanasubiri kliniki walimsogezea nafasi kwenye ukuta. Hakuiona.

Siku iliyofuata alirudi kwa Nasra. Alimkuta ndani ya banda, kwa ruhusa ya polisi, anajaribu kuokoa uyoga mweupe ambao haujaharibika.

"Dada Nasra, Bi Maimuna alimwambia nini Kheri wa Nyamisati?"

Nasra hakugeuka. "Nilikuwepo. Alikuja akasema mke wake ana uvimbe kwenye titi, mgumu, haumi. Bi Maimuna hakumwacha amalize. Akamwambia, uyoga huu si dawa ya hilo, mpeleke mkeo hospitali kabla ya mwezi kuandama. Hata nauli alitaka kumchangia."

"Na bado Kheri alipata uyoga."

"Alirudi baadaye. Akasema amempeleka mkewe, anaendelea vizuri, sasa mama yake mzazi ndiye ana kikohozi. Tukawa tunampa wa mama yake. Kila akija tunamuuliza, mama hajambo? Anasema hajambo, anawasalimia."

Rukaiya alimpigia Seleman palepale, akaweka simu kwenye spika.

"Mama yake Kheri? Alifariki tangu sisi hatujaoana nao," Seleman alisema. "Alifia hospitali, wakimpasua. Kwa nini?"

Rukaiya alikata simu.

"Kumbe hana mama," Nasra alisema polepole. Uyoga aliokuwa ameushika ulivunjika mkononi mwake. "Bi Maimuna aliumwa na hilo jambo. Siku ya vurugu sokoni alirudi hapa, akakaa kimya, kisha akasema: Nasra, tulikuwa tunamlisha yule mgonjwa wa uvimbe bila kujua. Ni mie niliyempa, kwa mkono wangu huu. Hakula siku hiyo."

Alipoinama kuchukua kikapu, Rukaiya aliona mabega ya gauni lake yamegeuka rangi ya kahawia, kama amenyunyiziwa kakao.

"Nini hiyo?"

"Vumbi la ule mwekundu. Ukikomaa unalimwaga usiku na mchana, ndiyo mbegu zake hizo. Ukisimama chini yake dakika moja tu limekuingia. Linashika nguo, halikung'utiki."

"Huku mbele hakuna?"

"Huku hakuna. Mpaka ufike kule mwisho."

Njia ya Nyamisati inakata kutoka Bungu kuelekea kwenye mikoko. Land Cruiser ya polisi iliteleza kwenye tope mara kadhaa kabla hawajaona maji ya delta na boti zinazopakia abiria wa visiwani. Kheri alikuwa barazani kwake, mwanamume mwembamba aliyekuwa akisafirisha watu kwa boti kabla ya msiba. Alikuwa amevaa kanzu safi na kofia nyeupe ya kushona kwa mkono. Alisimama kuwapokea, akaagiza viti.

"Poleni na safari. Nimesikia habari ya yule mama. Mungu amsamehe."

"Amsamehe nini?" Rukaiya aliuliza.

"Yaliyopita," Kheri alisema.

"Mara ya mwisho kufika kwake ni lini?"

"Zamani. Mke wangu akiwa hai."

"Uliwahi kuingia bandani mwake?"

"Sijawahi. Nilikuwa napokelea dawa barazani."

"Unakumbuka alikuuzia dawa ya nini?"

"Ya mke wangu."

"Si ya mama yako?"

Kheri alirekebisha kofia yake. Upepo wa mtoni ulipiga makuti ya paa.

"Naomba kofia yako," Rukaiya alisema.

"Kofia?"

"Tafadhali."

Aliivua. Juu, kwenye vitobo vidogo vya mshono, uzi mweupe ulikuwa umegeuka kahawia. Rukaiya aliishika kwa ukingo.

"Hii ni nini?"

"Vumbi. La njiani."

"Mvua inanyesha wiki nzima, Bwana Kheri. Sisi tumekwama kwenye tope mara tatu kufika hapa. Vumbi hilo umelipata barabara gani?"

Abbasi alifungua bahasha ya vielelezo, kofia ikaingia. Kheri aliifuata kwa macho, kichwa chake wazi, na ghafla akaonekana mzee.

Maabara ilithibitisha baadaye kwamba vumbi lile ni la uyoga mwekundu. Lakini Kheri hakungoja maabara. Kwenye chumba cha mahojiano, Rukaiya alimpa onyo la kisheria, neno kwa neno: kwamba anatuhumiwa kwa mauaji, kwamba halazimiki kusema lolote, kwamba atakalosema litaandikwa na laweza kutumika kama ushahidi, na kwamba ana haki ya kuwa na wakili au ndugu. Kheri alitikisa kichwa. Hakutaka mtu.

"Nilikwenda kumwomba," alianza.

"Kumwomba nini?"

"Asije kwenye kikao. Au akija, asitaje hospitali. Aseme tu hakujua. Nilimwambia nitawatuliza wakwe, jambo litaisha."

"Akasemaje?"

"Alikuwa anakoka mkaa chini ya pipa. Akasema, nimeitwa muuaji sokoni, wateja nimewapoteza, hayo nayaweza. Lakini wapo wanawake wengine wenye uvimbe wamesikia kwamba mie nawazuia wasiende hospitali. Hilo silibebi. Akasema atasema yote." Kheri alipangusa uso kwa kiganja. "Nikamshika mkono. Akajivuta. Nikamsukuma. Sikukusudia, wallahi. Kichwa kikagonga pipa, akalala pale chini, mvua inanyesha."

"Ukafanya nini?"

"Niliweka mkono puani. Mkono wangu wenyewe ulikuwa unatetemeka, sikusikia kitu. Nikajua amekufa. Nikambeba ndani, nikamlaza kule mwisho kabisa, chini ya ule uyoga mwekundu. Nikaingiza jiko, nikafunga mlango. Nikasema watu watadhani moshi umemzidi akiwa kazini."

"Ulimlaza mwisho kabisa."

"Ndiyo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Rukaiya angeweza kuliacha hilo kwa waendesha mashtaka. Lakini maelezo yalitakiwa yakamilike, na huyu mtu alitakiwa ajue alichofanya.

"Sisi tulimkuta mlangoni," alisema.

Kheri alimtazama bila kuelewa.

"Alikuwa hai, Bwana Kheri. Pigo lako lilimzimisha tu. Jiko ndilo lililomuua. Alizinduka gizani akatambaa banda zima, akafika mlangoni."

Kheri aliinama taratibu hadi paji la uso likagusa meza, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kilio, ilikuwa kama ya mtu anayebanwa na kifusi. Abbasi alisimama. Rukaiya alimwashiria akae.

"Kwa nini?" aliuliza, safari hii kwa upole. "Mkeo. Kwa nini hukumpeleka?"

Alijibu akiwa bado ameinama. "Alitaka kwenda. Hadija alitaka. Alishafunga nguo zake kwenye mfuko, akaweka na mswaki. Nikaona namna walivyomchukua mama yangu, wakamwingiza, wakanirudishia mwili umeshonwa. Nikaona watamkata Hadija. Nikamwambia tusubiri. Akasema hasubiri. Ndipo nikamwambia Bi Maimuna amesema uyoga utatosha, ukienda kwa kisu uvimbe utasambaa. Neno langu asingelikubali. Neno la mwanamke mwenzake anayejua dawa, alilikubali." Akainua uso. "Kila asubuhi alikunywa kikombe kizima. Chungu ile. Ananiambia, Kheri, leo nahisi afadhali. Alikuwa ananifariji mimi."

"Na alipokufa?"

"Ndugu zake waliniuliza kwa nini. Ningesema nini? Nilikuwa na uongo mmoja tayari. Nikautumia tena."

Aliweka dole gumba kwenye maelezo yake. Alipoulizwa kama yuko tayari kuyarudia mbele ya mlinzi wa amani, yule ofisa wa mahakama, alisema yuko tayari kuyarudia mbele ya yeyote, isipokuwa Seleman.

Lakini Seleman alikuwa na haki ya kujua, na Rukaiya alimweleza mwenyewe kwa simu. Seleman aliuliza kaburi la Bi Maimuna liko wapi, na kama watu wa Bungu watamruhusu kufika.

Kabla ya kufunga jalada, Rukaiya aliandika maelezo yake mwenyewe, kama shahidi: kwamba marehemu alifika kituoni akiomba ulinzi, na aliyempokea hakumsikiliza. Akayapeleka kwa mkuu wake na kuyaacha mezani. Kisha akaendesha hadi Bungu peke yake, bila Abbasi.

Nasra alikuwa anapanga mifuko mipya.

"Amekiri," Rukaiya alisema, akamweleza yote. Nasra alisikiliza akiwa amesimama, machozi yanatiririka bila sauti. Alipomaliza, Rukaiya hakuondoka.

"Kuna jingine. Bi Maimuna alikuja kituoni wiki ile. Aliyemrudisha ni mimi. Alitaka kunitajia mtu anayemhofia, nikamnyamazisha kwa kidole."

"Najua," Nasra alisema.

"Unajua?"

"Alipotoka kwenu nilimuuliza wamesemaje. Akanitajia jina lako, akasema una kazi nyingi, maskini, hata chai hujanywa." Alifunga mdomo wa mfuko kwa uzi, akaukaza. "Tangu siku ya kwanza ulipofika hapa nakungoja useme."

"Nisamehe, dada," Rukaiya alisema.

"Mie si wa kukusamehe, afande. Mama yake yupo Chumbi, kikongwe, hajaambiwa bado aliyemuua mwanawe ni nani. Mtu wa kumwambia hakuna." Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Nenda wewe. Umwambie ya Kheri, na hayo yako pia umwambie."

Rukaiya alitazama saa, ingawa haikuwa na la kumwambia. Akarudi kwenye gari. Kibiti ilikuwa njiani, ofisi na jalada na simu zinazolia. Alipita bila kusimama, akaendelea kusini kuelekea Ikwiriri na daraja, njia ya Chumbi.